Hodi Mlangoni Kwake Mwenyewe

Kalunde hakuingia nyumbani kwake hata siku moja bila kubisha hodi. Awe ametoka mtoni na mtungi mgongoni au shambani na jembe begani, alisimama mbele ya mlango wake, akagonga mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema hodi kwa sauti ya kawaida, kisha akangoja. Hakungoja sana. Ni muda wa kuvuta pumzi tatu hivi. Halafu alisukuma mlango, akaingia. Ndani hapakuwa na mtu, na yeye ndiye aliyekuwa ametoka mwisho.

Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza Januari ya 1982, siku niliyofika kufundisha shule ya msingi karibu na Ikutha. Mwalimu mkuu alikuwa amenitafutia chumba katika boma lao. Kulikuwa na nyumba tatu tu: ya Kalunde, ya mama mkwe wake Syokau, na kichumba changu ambacho ukuta wake mmoja uligusana na nyumba ya Kalunde. Nilidhani mumewe amelala ndani. Nikanyamaza, nisimwamshe.

Jioni nilimuuliza, "Baba wa nyumba anafanya kazi ya zamu?"

Kalunde alikuwa anachagua kunde kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mwalimu, baba wa nyumba simjui. Sijamwona."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mwanamke aliyechoka na mume mlevi. Yeye hakucheka.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuielewa habari hiyo, kwa sababu aliitoa kidogo kidogo, kama mtu anayetoa nafaka kwenye ghala la mwisho. Kalunde alizaliwa upande wa Tulia. Mwaka wa 1963, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, aliletwa Ikutha kuolewa na Mbuvi, mwana wa pekee wa Syokau. Mbuvi alikuwa hayupo tangu mafuriko ya mwaka wa sitini na moja. Alikuwa amevuka mto Tiva kwenda kutazama mizinga yake ya nyuki upande wa mbuga ya Tsavo, maji yakajaa nyuma yake, asirudi. Walimtafuta mpaka Mtito Andei. Kwa miaka mingi Syokau aliwauliza madereva wa malori waliopita Ikutha kama hawajamwona kijana mrefu mwenye upinde. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na kaburi, wala siku ya kulia.

Kwa Wakamba wa zamani, kijana akifa bila mke, jina lake halikuachwa lipotee. Wazazi walimwolea mke. Watoto ambao mke huyo angezaa, na yeyote, wangeitwa wa yule aliyekufa. Kalunde aliolewa hivyo. Mbuzi walipelekwa kwao Tulia, bibi harusi akaletwa, na Syokau akamwonyesha nyumba ambayo mwanawe aliijenga mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Upinde ulikuwa ukutani, upinde wa pili, ule ambao hakwenda nao.

Syokau hakupita kizingiti. Mama wa mtu haingii chumba cha mwanawe aliyeoa, wala hakalii kitanda chake. Alisimama nje akanyoosha kidole.

"Hii ni nyumba ya mwanangu," alimwambia Kalunde. "Ukitoka, yeye hubaki. Ukirudi, bisha. Usimwingilie ghafla."

Kalunde alibisha. Alipata mtoto wa kiume mwaka wa sitini na tano. Desemba iliyofuata, mvua ikimkimbiza na mtoto akiwa mgongoni, alisukuma mlango akaingia bila kusema neno. Siku ya saba mtoto akafa. Syokau hakumlaumu. Baada ya mazishi alimuuliza jambo moja tu.

"Ulibisha?"

Mwaka wa sabini, Desemba tena, alikufa mtoto wa pili, wa kike. Safari hii Kalunde hakukumbuka. Alikaa kitako akihesabu kila mara aliyoingia na kutoka mwezi ule, na kulikuwa na asubuhi moja asiyokuwa na hakika nayo. Syokau alipouliza "Ulibisha?" akajibu, "Sijui, mwaitu." Mwaitu ni mama. Tangu hapo hakukosea hata mara moja. Kasyoka, mtoto wake wa tatu, alizaliwa mwaka wa sabini na tatu akaishi. Nilipofika mimi alikuwa darasa la pili, msichana wa maswali mengi, na kama wasichana wengi alilala kwa nyanya yake.

Sitaki kusema kwamba sikuyaamini hayo. Nilitoka nyumba ya Kikristo Murang'a, nilikuwa na cheti cha chuo cha ualimu, nilifundisha sayansi. Lakini kulikuwa na alasiri nikisahihisha vitabu, Kalunde yuko shambani, boma zima kimya, kuku wamelala kivulini, nikasikia upande wa pili wa ukuta kitu kama kigoda kikisogezwa. Mchwa, nilijiambia. Panya. Siku moja nilimwona Kalunde akibisha, akangoja, kisha akatikisa kichwa kidogo kabla ya kuingia, kama mtu aliyeambiwa jambo akakubali. Sikumuuliza.

Mwaka wa 1984 mvua ya masika haikunyesha. Ng'ombe waliisha. Tulikula mahindi ya njano ya msaada, na yaligawiwa kanisani, kwenye jengo la mabati lililo juu ya bwawa. Kalunde alikwenda kwa ajili ya mahindi. Novemba mvua ikarudi, kunde zikaota, mahindi ya msaada yakakoma, naye akaendelea kwenda. Kwaya ilikuwa inajifunza nyimbo za Krismasi. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akisikiliza habari ya Mariamu na Yusufu wakienda nyumba kwa nyumba Bethlehemu. Jioni alinijia.

"Mwalimu, walibisha kila mahali?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyewaitikia?"

"Hakuna nafasi, walisema."

Alikaa na jambo hilo wiki nzima. Kisha akaniambia anataka kubatizwa siku ya Krismasi, na kwamba niende naye kwa mchungaji.

Mchungaji Kisilu alikuwa mtu wa Makueni, mnene, mwenye utani, aliyependa kuandika kila kitu katika daftari.

"Mama, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na nani?"

"Mbuvi."

"Mbona huji naye kanisani?"

"Hatoki."

"Ni mgonjwa?"

"Alikufa, mchungaji. Alikufa kabla hajanioa."

Kisilu aliweka kalamu chini. Hakuhitaji kuelezwa, kwao pia mambo hayo yalikuwepo. Aliuliza maswali machache, akaambiwa kuhusu kubisha, na utani ukamtoka usoni.

"Nyumba sikuambii uiache," alisema. "Mtoto wako simkatai, na mama mkwe wako mheshimu. Lakini huwezi kutoka kwenye maji ya ubatizo ukaenda kumwomba maiti ruhusa ya kuingia kwako. Acha kubisha. Ingia nyumbani mwako kama mwenye nyumba, kisha uje."

"Na Kasyoka?"

"Kasyoka ni wa Mungu."

"Wale wawili walikuwa wa nani?"

Mchungaji aliichukua kalamu tena. "Nao pia," alisema, lakini alisema akitazama daftari.

Tulirudi bomani. Nilijua anachopima. Upande mmoja kulikuwa na maji ya bwawa lile na yote aliyoyasikia kwenye benchi la mwisho. Upande wa pili kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na moja akiruka kamba mbele ya nyumba ya nyanya yake.

Jumamosi, siku tatu kabla ya Krismasi, aliniita nisimame naye. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama, hakuna kivuli. Alikwenda mpaka mlangoni. Mkono wake uliinuka wenyewe kugonga, akaushika kwa mkono wa pili na kuushusha. Nilisikia pumzi zake. Kisha alisukuma mlango akaingia bila neno.

Hapakutokea kitu. Alitoka akiwa amelowa jasho, akakaa chini ukutani. "Ni nyumba tu," alisema. "Mwalimu, ni nyumba tu."

Jumapili alfajiri Kasyoka aliamka na homa.

Mvua zikirudi baada ya kiangazi, mbu nao hurudi. Najua hivyo, na niliwafundisha watoto hivyo. Nusu ya darasa langu ilikuwa na malaria mwezi ule. Nilimwambia Kalunde, akaitika kama mtu anayeitika kwa adabu. Zahanati ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu nilileta klorokwini, Kasyoka akaitapika, tukampa tena. Alianza kuongea na watu wasiokuwepo chumbani. Syokau alikuwa amekaa miguuni pa mtoto. Alikuwa mzee sana kufikia wakati ule, macho yameingia ukungu. Alimgeukia Kalunde.

"Ulibisha?"

"Sikubisha, mwaitu. Niliacha makusudi."

Kikongwe alifumba macho.

Krismasi ilikuwa Jumanne. Mwaka ule sikuwa nimekwenda kwetu. Mama yangu alikuwa amefariki Agosti na sikutaka kukiona kiti chake. Asubuhi tulisikia kwaya ikipita barabarani kuelekea bwawani. Kalunde alikuwa amemtuma mtu amwambie mchungaji asimngoje. Mtoto alipopata usingizi tulimwacha na Syokau tukaenda kuchota maji, kwa kuwa hapakuwa na tone nyumbani.

Njiani alijaribu kunitania, labda kwa ajili yangu. "Kwenu leo wanakula nini, viazi?"

"Viazi na mbuzi."

"Nyinyi watu wa Murang'a mtazikwa na viazi mfukoni," alisema. Kisha akasimama na kutua mtungi. "Nikifika nitabisha. Nitamwomba msamaha. Ubatizo basi."

"Kalunde."

"Usinisemeshe, mwalimu. Wewe huna mtoto."

Ni kweli sikuwa naye.

Tulirudi yapata saa saba. Kasyoka alikuwa amelala, peke yake. Mahali pa Syokau miguuni pake palikuwa patupu, na fimbo yake haikuwepo. Kalunde alitazama pale, akanitazama mimi, akatoka. Nilimfuata. Alitua mtungi mbele ya mlango wake, akainua mkono, akagonga mara mbili.

"Hodi."

Mbuzi mmoja aliyekuwa akitafuna nyuma ya ua aliacha kutafuna. Nakumbuka hilo kwa sababu ndipo nilipojua jinsi palivyokuwa kimya. Pumzi ya kwanza. Ya pili.

"Ingia," sauti ikasema ndani.

Ilikuwa sauti kavu, ya chini, ambayo singeweza kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke. Kalunde hakupiga kelele. Aliushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa baridi katika joto lile. Miaka ishirini na mmoja alibisha mlango ule, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitikiwa. Kwa mkono mwingine alisukuma mlango.

Syokau alikuwa amekaa kitandani. Kikongwe aliyekuwa hajavuka kizingiti kile tangu mwanawe alipoletewa mke, alikuwa amekaa katikati ya kitanda cha mwanawe, fimbo mapajani, miguu haifiki chini.

"Nilikuja kumwombea mtoto," alisema. "Nimemwita kwa jina la utotoni, lile nililomwita mimi peke yangu. Nimepapasa kitanda. Nimepapasa kuta." Alipapasa tena kando yake. "Hayumo, Kalunde. Nyumba hii haina mtu."

Ndipo nilipoelewa kilichotokea katika boma lile. Desturi ilimzuia mama kuingia, kwa hiyo hakuwahi kujua kama nyumba ni tupu. Na mke aliyeweza kuingia aliambiwa abishe, kwa hiyo kila siku alimkuta mtu ambaye mama alisema yumo. Kila mmoja alimweka Mbuvi hai kwa mwenzake.

"Mara mbili nilikuuliza kama ulibisha," Syokau alisema. "Umezika watoto, na mimi nikakuuliza vile."

"Uliniuliza, mwaitu."

"Basi yuko wapi? Kama hayuko huku, na hana kaburi, yuko wapi?"

Nilidhani Kalunde angelia, au angecheka, au angempigia kelele ya miaka yote ile. Alikuwa amepata alichotaka. Nyumba ilikuwa yake. Lakini kikongwe yule alikuwa amepoteza mwanawe saa ile ile, mbele yetu, na uso wake ulikuwa kama shimo. Kalunde alipiga magoti sakafuni akaishika miguu yake iliyoning'inia.

"Mwaitu, mimi sijui kusoma," alisema. "Nakwambia nilichosikia kwa masikio. Leo ni siku ambayo Mungu mwenyewe alikuja kubisha hodi, akiwa bado tumboni. Wazazi wake walizunguka mji mzima. Hakuna aliyesema ingia. Akazaliwa mahali pa ng'ombe, mahali ambapo hakuna wa kumkaribisha. Huyo anapajua pale mtu alipo peke yake. Kama Mbuvi alikufa mtoni, yeye alikuwepo. Kama alikufa porini, alikuwepo. Nafikiri alimkuta kabla yetu. Wale wangu wawili pia nafikiri hivyo. Sina jingine."

Nje mbuzi alianza kutafuna tena.

"Alimkuta akiwa hai?" Syokau aliuliza.

"Sijui, mwaitu. Lakini alimkuta."

Homa ya Kasyoka ilishuka Jumatano jioni, akaomba uji, akaulalamikia kwa kukosa sukari. Labda ilikuwa klorokwini. Kalunde hakunibishia. Alisema tu kwamba klorokwini nayo haikujitengeneza.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Katika ibada ya asubuhi ya mwaka mpya yalisomwa majina ya waliofariki mwaka uliopita. Kila jina likitajwa, jamaa zake walisimama wakasema, "Tumemwachia Bwana." Tulimpeleka Syokau kwa mkokoteni wa punda. Hakuwa amekanyaga kanisani maishani mwake. Alimwita Kisilu mlangoni akamwambia anataka jina la Mbuvi lisomwe.

"Mama," Kisilu alisema, "huyu alipotea zamani. Haya ni majina ya mwaka uliokwisha."

"Kwangu mimi amekufa juzi," Syokau alijibu. "Siku ya Krismasi."

Mchungaji alifungua daftari akaliandika jina mwishoni kabisa.

Yalisomwa majina kumi na manane, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa njaa. Kisha akasema, "Mbuvi wa Syokau." Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, lakini watu wote, mimi mmoja wao, tuligeuza vichwa tukatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na jua tu sakafuni, na njia nyekundu inayoteremka bwawani. Nimejiuliza mara nyingi tulitazamia kumwona nani. Syokau alichukua muda kusimama. Kalunde alimshika upande mmoja na Kasyoka upande mwingine. Sauti yake ilikuwa ile ile niliyoisikia ndani ya nyumba, lakini safari hii haikuniogopesha.

"Nimemwachia Bwana," alisema. Akaketi, na ndipo alipolia, kilio cha miaka ishirini na mitatu. Wanawake wakamzunguka, wakalia naye.

Kalunde alibatizwa adhuhuri ile, maji ya bwawa yakiwa na rangi ya chai. Alipotoka, akitetemeka ndani ya shuka, Kisilu alimwambia, "Sasa hutabisha tena."

"Nitabisha," Kalunde alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa yule aliyebisha akakosa kuitikiwa. Nimempa nyumba."

Kisilu alikuna kidevu, akatazama wazee wa kanisa, akalifunga daftari.

Syokau alikufa miaka miwili baadaye, akazikwa nyuma ya nyumba yake. Kando ya kaburi lake Kalunde alipanga mawe mengine, ya kaburi fupi lisilo na mtu, kwa ajili ya Mbuvi. Mimi nilihamishwa kwenda Kitui mjini mwaka wa themanini na tisa. Kalunde mwenyewe alifariki Februari ya 1994, kwa ugonjwa wa tumbo ambao hakuwa amemwambia mtu. Barua ya Kasyoka ilinifikia mazishi yakiwa yamepita. Tangu hapo sijakwenda Ikutha. Kila Desemba najiambia nitakwenda.

Nilikuwa nimemwona Desemba iliyotangulia, siku mbili baada ya Krismasi. Alikuwa amekonda, lakini alinipikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na mbaazi mbichi, akanitania kwamba mji umenifanya nitembee kama bata. Tulipotoka shambani alisimama mlangoni, akagonga mara mbili, akasema hodi. Nilihesabu pumzi zangu kama zamani. Nilimuuliza kama bado anaogopa.

"Zamani nilibisha nikiomba nisiitikiwe," alisema. "Sasa nangoja."

Jioni alinisindikiza mpaka mahali njia inapopinda. Alinipa kibuyu kidogo cha asali, akanifunga leso yangu vizuri mabegani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Nilimwambia nitarudi Pasaka. Alitazama nyuma kwenye nyumba yake, ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa na jua la mwisho likiwa juu yake, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," alisema, "ukija usinikute, usirudi ulikotoka. Wewe bisha tu. Utaitikiwa."